Wageni Waliokataa Kunawa

Mimi ni mpishi, na wageni wa harusi ya binti yangu niliwaelekeza kwa wapishi wote wa Mpanda isipokuwa mimi.

Binti mwenyewe ndiye aliyenipa kazi hiyo. Alinipigia simu kutoka Tabora, anakofanya kazi, akaniambia kwamba watu wa upande wa mwanaume watatangulia kufika kwa treni, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga Katavi. Akaomba niwaambie mapema wale wapi na watembelee wapi, wasije wakakaa gesti wanatazamana. Akaniingiza kwenye kundi la simu la harusi. Kuandika kwenye simu sijui, nikarekodi sauti. Nikasema supu ya asubuhi waende kwa mama mmoja karibu na stendi, mbuzi wa kuchoma wafuate moshi wa barabara ya Sitalike, viboko wakawaone hukohuko mtoni bila hata kuingia hifadhini. Samaki wasile mjini, waende Ikola wakakutane na migebuka iliyotoka ziwani asubuhi hiyo. Wakiwa na nafasi wafike Karema, wakaone kanisa la kale la wamisionari. Banda langu la chakula, ambalo mtu akishuka treni analipita kabla hajafika kwa mwenye bodaboda, sikulitaja kabisa.

Sababu ni macho yangu. Nimepika kwa kuni tangu binti yangu hajazaliwa, na moshi umeniachia macho mekundu ambayo dawa zote za duka la dawa zimeshindwa kuyasafisha. Wateja wangu hawayaoni tena, wao wanatazama sahani. Lakini bwana harusi ni Msukuma, kwao ni kijiji cha ng'ombe huko Shinyanga, na sote tumesikia redioni habari za vikongwe walioandamwa kanda ile kwa sababu ya macho kama haya. Na wao wamesikia habari zetu. Ukisema unatoka huku kwetu, kabla hujakaa mtu anakuuliza kama umekuja na basi au na ungo. Anacheka, lakini kikombe chake anakisogeza. Lisemwalo lipo, ndivyo watu wanavyoamini. Basi mjane wa Katavi, mpishi, macho mekundu: niliwaona wanavyoniona hata kabla treni haijaondoka Tabora.

Kwa nafsi yangu sikuogopa. Mimi ningebaki Mpanda na sufuria zangu. Aliyekuwa anakwenda kuishi kwenye boma lao ni mtoto wangu wa pekee, na nilijua siku ndama akifa au mtoto wa jirani akipata homa, mtu mmoja angekumbuka macho ya mama yake. Nilitaka waje, wale, washibe, wamchukue wakiwa hawana la kukumbuka. Nikaenda stendi nikanunua miwani nyeusi, kubwa, ya kuziba mpaka nyusi.

Treni ilichelewa kama kawaida yake. Walishuka wanaume watatu na mwanamke mmoja. Mkubwa wao alikuwa kaka yake bwana harusi, mtu mrefu aliyesimama mahali pa baba yao marehemu, na wale wawili walikuwa ndugu wa ukoo ambao sikuwahi kuwasikia wakimaliza sentensi. Mwanamke alikuwa shangazi yao, mwembamba, mtu mzima, anayetazama kitu mpaka kiishe. Nikanyoosha mkono kumsalimia yule kaka. Akarudi nyuma, akachuchumaa pembeni ya behewa, akaniamkia akitazama ardhi. Mkono wangu ukabaki hewani. Shangazi akaupokea yeye, akaushika muda mrefu huku akiitazama miwani yangu. Nikasema moyoni, haya, dalili ya mvua ni mawingu.

Shemeji zangu walikuwa Mpimbwe wanahangaika na mpunga, wala hakukuwa na mwanaume wa kuwatembeza wageni. Lakini hata angekuwepo nisingemwachia. Nilitaka kuwatazama mwenyewe. Nikakodi Noah, nikakaa mbele na dereva, na asubuhi nikawapeleka kwa mama wa supu.

Yule mama ni hasimu wangu wa miaka mingi. Aliponiona naingia na wageni wangu kwenye banda lake aliacha kukoroga. Najua aliwaza nimekuja kumwibia kitu, na mimi nilijua ataongeza pilipili ili kuniaibisha. Supu ikaja na chapati. Msichana akapita na jagi na beseni la kunawa. Alipofika kwa wale wanaume, mikono yao ilikuwa mapajani na haikutoka. Walisema wameshiba. Watu waliotoka safarini jana, wameshiba nini? Shangazi naye akasema ngoja kwanza. Mimi sikugusa kitu, kwa sababu mwenye wageni hatangulii kula. Tukakaa hivyo, tunatazama mafuta yanaganda juu ya supu, na hasimu wangu ananitazama mimi.

Sitalike tulifika jua likiwa kali. Ni kiangazi, mto umebaki madimbwi, na viboko wamejazana humo kama magunia kwenye ghala. Harufu yao inakufikia kabla hujawaona. Niliwaonyesha yule dume mwenye kovu, nikawaeleza jinsi usiku wanavyopanda kwenda kula majani hadi karibu na nyumba za watu. Shangazi aliuliza kama wanakamuliwa, nadhani alikuwa ananitania, sikucheka. Yule kaka nilimwona hatulii. Nikisimama kushoto mwa gari, yeye anakwenda kulia. Nikihamia kulia niwaonyeshe mamba, yeye anavuka barabara na kwenda kujifanya anatazama mabua ya mahindi ya mtu. Nilijaribu mara kadhaa kwa makusudi, na kila mara alihama. Nikajua hataki hata kivuli changu kimguse.

Pale kijijini niliagiza kuku wa kienyeji, akachomwa mpaka ngozi ikapasuka. Jagi likaja. Mikono mapajani. Shangazi akaomba kuku afungwe kwenye mfuko, watakula gesti. Nikasema sawa, huku nikiwaza kuna mbwa wa gesti atakayeneemeka leo. Ndani ya gari mbung'o walikuwa wameingia na wanatuuma wote bila ubaguzi mpaka Mpanda.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilitaka kumpigia binti yangu nimwambie aghairi. Nikashika simu, nikaiweka. Ningemwambia nini? Kwamba wakwe zako hawanawi mikono? Angeniambia mama, wewe unashuku hata chumvi. Na ni kweli nashuku chumvi, kuna mwaka waliniuzia iliyochanganywa na mchanga.

Kesho yake nikawapeleka Ikola. Ni mbali, na vumbi la njia ile linaingia hata kwenye mawazo. Niliamua iwe siku ya mwisho ya kujaribu. Mtu anaweza kukataa supu, anaweza kukataa kuku, lakini sijaona bado mtu wa kukataa mgebuka wa kukaangwa ufukweni, ukiwa bado unatoa povu la mafuta. Wanawake walikuwa wameanika dagaa mchangani, ufuko mzima unang'aa. Shangazi alichutama, akachukua dagaa mmoja, akamnusa, akamrudisha palepale alipokuwa. Yule kaka alisimama mbele ya Ziwa Tanganyika, nikamsikia anawaambia wenzake kwamba maji yote haya na ng'ombe hakuna, ni hasara. Kwa mara ya kwanza nilitaka kumpenda.

Tukakaa kwenye benchi chini ya turubai. Migebuka ikaletwa, ugali ukaletwa, mvuke unapanda. Jagi likapita. Mikono ikabaki mapajani. Lakini safari hii nilimtazama mmoja wa wale ndugu shingoni, nikaona koo linapanda na kushuka. Alikuwa anameza mate. Kumbe wana njaa. Wana njaa, na bado hawali. Hapo hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nikasema moyoni, kama wanaogopa kuna kitu ndani ya chakula, basi mimi nitaonja mbele yao, kama anavyoonja mwenye pombe kabla ya kumpa mgeni. Nikanawa. Nikavunja samaki, nikamega tonge kubwa, nikala, nikitazama upande wao kupitia miwani yangu.

Wanaume wote watatu wakasimama kwa pamoja, wakatoka chini ya turubai, wakaenda nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, wakanipa migongo.

Niliacha samaki. Nikamfuata shangazi aliyekuwa bado amekaa, nikamwambia tusogee. Tulisimama kando ya nyavu.

"Shangazi, sema tu. Nyie mnaogopa nini kwenye chakula cha huku?"

"Nani anaogopa chakula? Vijana wangu wanakufa njaa, mama."

"Sasa mbona hawali?"

Alinitazama kama ananisikitikia. "Watakulaje umekaa mbele yao? Wewe si mkwe wao?"

Akanieleza taratibu. Kwao, aliyemzaa mke hatazamwi akila wala hamtazami mkwewe wa kiume akila. Na mkwe si bwana harusi peke yake. Kaka yake ni mkwe, ndugu wa ukoo ni wakwe, wote mbele yangu ni waume wa mwanangu kwa heshima. Hawanishiki mkono, hawasimami nilipo, hawafungui kinywa kula nikiwepo. Kuku wa Sitalike walimla gesti, wamefunga mlango, wakatafuna mpaka kichwa. Akasema walikuwa wanajiuliza ni mama mkwe gani huyu anayewafuata kwenye kila sahani.

Nikakumbuka. Hata bibi yangu mzaa mama, kule Mpimbwe, alikuwa akijifunika kanga usoni mkwe wake akipita njia. Niliyaona hayo kwa macho yangu nikiwa mdogo. Halafu nikaja mjini, tukachanganyikana, na siku hizi mkwe anakaa mkabala na wewe anakuomba chumvi. Lakini mtu mwenye shaka haridhiki na jibu moja, nikamgeukia.

"Na wewe je? Wewe si mwanaume. Hukula kwa nini?"

Alikuwa anachambua kipande cha wavu kwa kidole cha mguu.

"Mimi nilikuwa nakutazama wewe," akasema. "Tumeambiwa mama wa binti ni mpishi anayejulikana mji mzima. Tumeshuka treni, chakula chako tumekinusa palepale. Hukutupikia. Unatupeleka kwa watu. Huko kwa watu nako huli. Na macho umeyafunika mpaka ndani ya banda. Jana tukaulizana, huyu mama analia humo ndani? Kama hataki kutupa mtoto aseme mapema, tusije tukamchukua binti na machozi ya mama yake."

Hapo ndipo ningesema ukweli, na sikusema. Nilimwambia macho yangu yanasumbuliwa na vumbi. Akasema vumbi la huku ni baya kweli. Sikujua kama ananiamini, na yeye nadhani hakujua kama namwamini.

Karema hatukufika. Niliomba migebuka ifungwe kwenye gazeti, nikawapa nyuma ya gari, nikakaa mbele na dereva na kutazama barabara tu. Tulipoanza kupanda vilima nikasikia karatasi inafunguliwa taratibu. Halafu nikasikia mifupa ya samaki. Dereva alitaka kugeuka awatanie, nikamkanya kwa kiwiko. Shingo iliniuma kwa kuikaza, lakini sikugeuka hata mara moja, na nyuma yangu watu walikula kutoka Ikola mpaka taa za Mpanda.

Siku iliyofuata, binti yangu na mchumba wake wakiwa njiani kutoka Tabora, nikafungua banda langu kwa wageni wangu peke yao. Nilipika wali wa Mpimbwe, ule unaonukia bila kutiwa kitu, nikachinja jogoo wawili, nikaunga maharage na karanga. Wanaume waliketi mbele. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mabati, na mimi nilikuwa nyuma yake, jikoni, na mafiga yangu. Nilivaa miwani. Shangazi akaja kukaa huko huko nyuma, kwenye kigoda changu cha ziada, wala sikumkaribisha. Nikajua amekuja kuona ninatia nini.

Nilipofunua sufuria mvuke ukapiga miwani, ikawa nyeupe. Sikuona wali wala mwiko. Nikaivua niifute kwenye kanga, na nilipoinua uso shangazi alikuwa ananitazama moja kwa moja. Ilikuwa imekwisha. Nilimwona binti yangu kwenye boma la watu, peke yake, na midomo inamteta.

"Ni moshi?" akauliza.

"Ni moshi. Miaka yote."

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua sahani, akajipakulia mwenyewe kutoka kwenye sufuria yangu kabla hata wanaume hawajapelekewa, akala. Akala palepale kwenye moshi, bila kusogea, wala kuni za siku hiyo hazikuwa kavu. Nilimwambia atoke nje apate hewa. Akakataa. Alikula mpaka macho yake yakatoa machozi na kuwa mekundu kama yangu, halafu akasimama, akabeba hotipoti ya wali na kuipeleka mbele.

Nikasikia sauti ya yule kaka, kwa Kisukuma, anauliza kitu. Shangazi akajibu. Wanaume wakacheka, wote watatu, hata wale wasiomaliza sentensi. Mimi Kisukuma sijui. Nilisimama nyuma ya bati na mwiko mkononi. Shangazi aliporudi nikamshika mkono.

"Amekuuliza nini?"

"Ameniuliza kama na mimi nimeshakuwa mchawi."

Kumbe nilikuwa sahihi. Neno lile walikuwa nalo tangu Shinyanga, wamelibeba kwenye treni pamoja na mabegi.

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia ndiyo, tangu leo. Na kwamba wachawi wa huku wanapika hivi, kwa hiyo ale taratibu asijing'ate ulimi." Akajifuta macho kwa kona ya kanga. "Binti yako tutakaa naye vizuri, mama. Mimi nipo. Atakayesema neno juu ya macho yako ataniona na mimi ninayo."

Nililia, na kwa mara ya kwanza tangu wageni waje sikuwa na cha kujifichia. Kutoka mbele wakagonga sahani, wanataka nyongeza. Nilipakua, shangazi akapeleka, na kazi ikaendelea hivyo hadi sufuria ikabaki ukoko, nao wakauomba.

Mpaka leo sijui kama shangazi alikuwa ameshajua habari ya macho yangu tangu stesheni na ile hadithi ya machozi ilikuwa adabu tu. Sijamuuliza. Nikienda kwa binti yangu, mkwe akila mimi nakaa jikoni, na shangazi huja kukaa nami.

Lakini asubuhi ya harusi, kabla hata sijaoga, nilikwenda nyuma ya banda tunakotupa mabaki, nione kama kuna wali uliomwagwa kwa siri au nyama iliyofichwa chini ya majivu. Palikuwa na mifupa ya kuku tu, imetafunwa hadi uboho. Hata hivyo nilichukua kijiti nikafukua kidogo. Hapakuwa na kitu. Nikarudi ndani kumvisha mwanangu gauni, na miwani nikaiacha juu ya kuni.